Taa ya Breki ya Nesi Nyamvula

Nchi yetu haisimami. Sisemi hivyo kwa majivuno. Nasema kwa kuwa ni sheria, na imeandikwa kwenye bango mbele ya kila ofisi ya serikali, chini ya picha ya Mtangulizi Mkuu akiwa amenyoosha mkono mbele. Wageni wakituuliza tunakwenda wapi, huwa tunawaonyesha ule mkono.

Lakini hata nchi isiyosimama ina mambo yake ya kibinadamu. Mbuzi hukatiza barabara. Mtu hubanwa na haja. Kwa hiyo serikali, kwa huruma yake, iliwaruhusu wananchi kusimama mradi watoe taarifa kwa walio nyuma yao, na taarifa yenyewe ni taa ya breki. Anayesimama na taa yake ikawaka ni mwananchi aliyepatwa na dharura. Anayesimama na taa isiwake amesimama kwa siri, na kosa la kusimama kwa siri liko ukurasa mmoja na kosa la kuchoma bendera.

Mtangulizi Mkuu mwenyewe hajawahi kuona taa ya breki maishani mwake, kwa sababu hakuna gari linaloruhusiwa kuwa mbele yake. Alizisikia tu habari zake mwaka ule alipoamuru msafara usimame ghafla ili asalimiane na mtoto aliyeshika maua, na mawaziri kumi na saba wakagongana mmoja nyuma ya mwingine. Tume iliundwa. Iligundua kwamba taa za magari yote zilikuwa nzima, ila mawaziri na madereva wao walikuwa wamesinzia. Ndipo ikaanzishwa Idara ya Taa za Nyuma, ishughulikie pikipiki.

Mimi ni karani wa idara hiyo. Naitwa Hamduni. Nakaa Dirisha la Tano, Maombi ya Matengenezo, pikipiki zilizozidi miaka kumi na tano. Nina miaka kumi na tisa hapo. Kazi yangu ni kupokea fomu, kuangalia kama viambatisho vimetimia, na kuzirudisha, maana huwa havijatimia.

*

Jumatatu moja alikuja Nesi Nyamvula.

Nesi Nyamvula ndiye mkunga pekee kati ya mji wetu na vijiji vya ng'ambo ya kilima. Anaendesha pikipiki ya zahanati, nyekundu, ya zamani kiasi kwamba jina la kiwanda limefutika kwenye tangi na kubaki herufi mbili. Siku hiyo alikuja kwa miguu, kwa sababu Jumapili askari wa kizuizi cha kilimani walimwambia akanyage breki, akakanyaga, na taa haikuwaka. Walimrudisha akiisukuma.

"Kaka Hamduni," alisema, "naomba kibali fundi aiguse hiyo taa. Ni kazi ya dakika chache."

"Jaza fomu, Nesi."

Akajaza. Kwenye kipengele cha sababu ya kuhitaji pikipiki aliandika jina la dada yangu.

Nalisema hili mapema lisije likaonekana nimelificha. Chausiku, mke wa Makame wa kijiji cha Mavumbo, ni dada yangu, baba mmoja mama mmoja. Mimba yake ilikuwa ya mwezi wa tisa. Uzazi wake wa kwanza alitoka damu mpaka godoro likatupwa, na mtoto hakukaa. Nesi alikuwa ameapa kwamba safari hii Chausiku hatajifungua bila yeye kuwepo, yeye na sindano yake ya kuzuia damu, ambayo lazima ikae kwenye kisanduku cha barafu. Chausiku kuja mjini haikuwezekana. Wodi ya wazazi ilikuwa imefungwa ikipakwa rangi, kwa kuwa Mtangulizi Mkuu alitarajiwa kupita karibu nayo. Gari la wagonjwa lilikuwepo, zima kabisa, na taa zake zote zinawaka. Lilikuwa kwenye msafara.

"Ni wiki hii," Nesi alisema. "Ikichelewa sana ni Ijumaa."

Niliipitia fomu. Ilikuwa imejazwa vizuri, kwa herufi kubwa, bila kufutwafutwa. Nikaona kiambatisho namba nne hakipo.

"Haina picha ya taa ikiwa inawaka," nilisema.

"Haiwaki. Ndiyo maana niko hapa."

"Naelewa. Lakini Idara haiwezi kuruhusu kutengenezwa taa ambayo haina uhakika kama iliwahi kuwa nzima. Tunaweza kujikuta tumeunda kitu kipya, na vitu vipya ni Dirisha la Pili."

Nesi ana utulivu wa mtu ambaye kazi yake kubwa ni kungoja.

"Hamduni. Ni Chausiku."

"Najua, Nesi. Msalimie ukimwona."

Nikaiingiza namba ya pikipiki kwenye Orodha ya Taa Mbovu, nikaigonga muhuri, na nakala ikapelekwa vizuizini mchana uleule. Upande huo tuna haraka sana. Sikuwa na nia mbaya. Kama mtu angeniuliza siku ile nampenda dada yangu kiasi gani ningemjibu ukweli, nampenda sana. Hakuna aliyeuliza, na foleni ilikuwa imefika getini.

*

Jumanne tulikuwa na kikao. Mkurugenzi wa Taa za Nyuma, Mheshimiwa Dakta Msuluja, alitukusanya wafanyakazi wote uwanjani, juani, yeye akiwa chini ya turubai.

"Ndugu zangu watendaji," alisema, "nina furaha kuwatangazia kwamba mwaka huu mzima hakuna hata pikipiki moja nchini iliyotengenezwa taa. Hata moja. Nawaulizeni, hii maana yake nini?"

Hatukujibu, kwa kuwa swali la Mkurugenzi huwa lina jibu lake mfukoni.

"Maana yake taa za nchi hii haziharibiki."

Tukapiga makofi. Kisha akaniita mbele, kwa sababu Dirisha la Tano ndilo lililochangia zaidi mafanikio hayo, akanikabidhi kalamu ya kubofya yenye nembo ya Idara. Nikasema asante. Watu walikuja kunishika mkono, na mmoja aliniambia sura yangu haionyeshi furaha. Nikamwambia ndivyo ilivyo siku hizi.

*

Jumatano alasiri Nesi alirudi na picha.

Sijui kama wazo lilikuwa lake au la fundi Kibwana. Kibwana ndiye fundi pekee anayezijua pikipiki za umri ule, lakini hagusi taa ya mtu. Sheria inasema fundi atakayegusa taa ya nyuma bila kibali atanyang'anywa spana, na yeye alikwishanyang'anywa spana namba kumi kwa kosa la kufuta vumbi. Iko kabatini kwetu, nyuma ya kioo, ina lebo. Kwa vyovyote, mmoja wao aliigeuza pikipiki, mgongo wake ukaelekea jua la saa kumi la siku iliyotangulia, jua likaingia kwenye kioo chekundu cha taa, na kioo kikang'aa chote. Hapo ndipo walipopiga picha.

Niliishika ile picha nikaitazama. Ilikuwa picha nzuri kweli.

"Kiambatisho namba nne hicho," Nesi alisema. "Vingine vyote unavyo."

"Hii inawaka," nikasema.

"Ndiyo."

"Basi si mbovu."

Nikachukua kalamu ya wino mwekundu, nikaandika juu ya fomu: Ombi halina msingi, taa inaonekana kuwa nzima. Nikagonga muhuri.

Nesi hakupandisha sauti. "Sawa," alisema. "Kama ni nzima, itoe kwenye orodha ya mbovu nipite kizuizini."

"Haitoki kwenye orodha mpaka itengenezwe."

"Na itatengenezwa lini?"

"Ukipata kibali."

Alikusanya karatasi zake, akazinyoosha kingo, akaondoka. Hii ndiyo sehemu ninayotaka ieleweke vizuri. Sikuwa na hasira naye. Sikuwa na hofu ya mkubwa yeyote. Sikutaka anipe chochote. Mkono uliandika, mimi nikauangalia ukiandika, na ulipomaliza nikanywa chai yangu, ilikuwa bado ya moto. Ningesema niliumwa moyoni, lakini sikuumwa. Moyo haukuwa na habari.

*

Alhamisi saa mbili na robo asubuhi Makame alinipigia simu.

"Shemeji, uchungu umeanza alfajiri. Nesi yuko wapi?"

"Yuko njiani," nilisema.

Ofisini kwetu hilo ndilo jibu la simu. Tunalitoa kabla mtu hajamaliza kuuliza. Nilipokata simu nikabaki nimekishika kile chombo, na nikagundua kwamba mtu aliyekuwa dirishani ananyoosha fomu yake tangu zamani na mimi sijaipokea. Nikasimama. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikapita kando ya foleni, na kila mtu kwenye foleni akanitazama, kwa kuwa katika miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kuniona miguu.

Zahanati si mbali. Pikipiki ilikuwa ukutani, kivulini. Nesi alikuwa ameketi kwenye ngazi na kisanduku cha barafu mapajani, Kibwana ameketi juu ya dumu karibu naye. Wote wawili walikuwa wanaiangalia pikipiki.

"Makame amenipigia," nikasema.

"Na mimi amenipigia," Nesi akasema. "Ameniambia wewe umesema niko njiani."

Kibwana aliniona nimesimama tu, akaikalia mikono yake, mmoja kila upande, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Mikono yangu iko hapa, kila mtu aione. Mimi nazungumza tu. Kuzungumza bado hakujapigwa marufuku, au vipi, bwana karani?"

"Bado," nikasema. Muswada ulikuwa Dirisha la Saba.

"Basi piga magoti. Upande wa kulia, juu ya pedali ya breki ya nyuma. Unaona kidude cheusi kimeshikwa na nati mbili?"

"Nakiona."

"Swichi hiyo. Ikivutwa chini, taa inawaka. Sasa niambie, nini kinaivuta?"

Niliangalia. "Hakuna kitu."

"Ndiyo ugonjwa wote huo. Kulikuwa na kaspringi kadogo kati ya pedali na swichi. Kameliwa na kutu, kakakatika, kakadondoka huko barabarani. Balbu nzima, waya mzima. Nimekaona tangu Jumapili, nikiwa nimesimama hatua tatu."

"Kanauzwa wapi?"

"Hakauzwi. Kiwanda kilikwisha kufa. Una kalamu?"

Nilikuwa na ile ya zawadi. Akaniambia niifungue katikati, na humo ndani, katika kalamu ya Idara ya Taa za Nyuma yenye nembo ya mkono ulionyooshwa, mlikuwa na springi nyembamba, mpya kabisa. Kibwana akanielekeza kwa kidevu zilipo koleo. Nikazivuta ncha za springi, nikazikunja zikawa ndoano mbili, moja kwa pedali na moja kwa swichi.

"Taratibu," Kibwana akasema. "Hiyo si fomu, ukiiharibu hupati nyingine."

Akaniambia nisugue kutu kwa kipande cha msasa kwenye tundu la pedali, nikasugua. Akaniambia nilegeze zile nati, niipandishe swichi kidogo, kidogo tu, la sivyo taa itabaki inawaka muda wote. Nikapandisha. Vidole vyangu vilichafuka mafuta, jambo ambalo halijawahi kunitokea kazini. Kisha Nesi akaenda kusimama nyuma ya pikipiki, maana aliyekaa juu yake hawezi kuiona taa yake mwenyewe.

Nikakanyaga breki.

"Inawaka," Nesi alisema.

Nikaachia, nikakanyaga tena, ingawa haikuhitajika. Zilikuwa dakika kumi na mbili kwa jumla. Kuna kitu kilinipanda kifuani ambacho sikukitambua mara moja. Nadhani ilikuwa furaha, na ilikaa nami mpaka kilimani.

*

Nilipanda nyuma ya Nesi, nimekumbatia kisanduku. Tulifika kizuizini saa nne kasoro. Kutoka hapo mabati ya Mavumbo yanaonekana upande wa pili wa bonde, na mtu mwenye macho mazuri anaweza kuhesabu nyumba.

Sajini wa kizuizi anaitwa Mbaruku. Ni mtu mwenye adabu. Alitusalimia, akazunguka nyuma, akamwomba Nesi akanyage breki.

"Inawaka vizuri," alisema. "Hongereni."

Kisha akafungua orodha yake, akaishusha kwa kidole, akafika alipofika.

"Orodha inasema haiwaki."

"Lakini umeiona, afande," Nesi akasema.

"Nimeiona. Ila macho yangu hayana muhuri, Mama. Orodha inao." Akaisoma tena kwa makini, akaniambia kwamba mwandiko ulikuwa mzuri sana. "Kama iko hapa na inawaka, basi imetengenezwa. Kibali cha kuitengeneza kiko wapi?"

"Kibali kinatoka Dirisha la Tano," nikasema. "Mimi ndiye karani wa Dirisha la Tano."

Nikampa kitambulisho. Alifurahi kweli. Akapiga simu ya upepo Idara, ili mambo yaishe haraka, akaomba wathibitishe na karani wa Dirisha la Tano kama kibali cha pikipiki hii kimetoka. Tulisubiri. Jibu lilikuja kwa mikwaruzo, wote tukalisikia.

"Karani wa Dirisha la Tano hayupo dirishani kwake. Subirini arudi."

"Ndiye huyu hapa," Nesi akasema.

"Mama, nimemsikia, na mimi si mtu mbaya. Lakini karani akiwa nje ya dirisha ni raia."

Nikasema basi nirudi mjini kwa miguu, nikaingie dirishani, nijibu ile simu. Sajini alinisikitikia. Kwa mujibu wa kanuni, abiria wa pikipiki iliyozuiliwa ni sehemu ya pikipiki, hawezi kuondoka peke yake. Nesi akachukua kisanduku akaanza kuteremka bondeni. Askari wawili wakamfuata, wakamrudisha kwa heshima, mmoja wao akimbebea kisanduku. Ningefurahi kama Sajini angetuomba kitu. Nilikuwa na kitu mfukoni. Lakini ni askari mwaminifu, picha yake ilikuwa kwenye kalenda ya mwaka jana.

Tukakaa kwenye benchi. Kila nusu saa alipiga simu Idara kuuliza kama nimerudi, na kila nusu saa walimwambia bado.

Saa saba na dakika kumi Makame akapiga. Nesi alinyang'anya simu mkononi mwangu.

"Ametoka? Analia? Vizuri. Sasa niambie Chausiku. Damu ikoje? Usinambie nyingi, niambie khanga ngapi zimelowa." Akasikiliza. "Mpe mama yako simu. Mama, weka mkono chini ya kitovu, usugue, kwa nguvu, usimwonee huruma. Pakiwa pagumu kama mpira niambie. Mtoto awekwe kwenye titi. Endelea. Usiache. Yuko macho? Mwiteni jina. Endelea, Mama."

Alizungumza hivyo muda mrefu, amesimama, amekiangalia kijiji. Mimi nilishika kisanduku. Barafu ilikuwa imeyeyuka, maji yalikuwa yanacheza humo ndani nikitikisika, kwa hiyo nikajitahidi nisitikisike. Sajini aliacha kula karanga.

"Makame," Nesi alisema baadaye. "Makame. Eti?"

Akanirudishia simu. Ilikuwa bado imeunganishwa, nikasikia mtoto analia na mtu mwingine analia. Sajini alivua kofia, akatupa pole, kisha akaandika saa kwenye daftari lake, kwa kuwa inatakiwa iandikwe. Nikamwona anaangalia saa ya mkononi kwa uangalifu asije akakosea dakika.

*

Tulimzika Ijumaa; Sajini alikuwa ametuachilia jioni ile, pikipiki ikabaki kizuizini. Mkurugenzi alikuja na shada la maua yenye rangi za taifa, akasema maneno mawili kwa dakika arobaini.

"Marehemu," alisema, "alikuwa mwananchi wa mfano. Hakusimama. Alikwenda moja kwa moja."

Hakusema ametangulia, kwa sababu kutangulia kuna mwenyewe. Watu waliinamisha vichwa. Mtoto ni wa kike, alikuwa amebebwa na bibi yake, hana jina bado. Nilimfuata Makame nimshike mkono, akanipa mkono, akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Ulisema yuko njiani," aliniambia.

Nikasema ndiyo, nilisema hivyo. Nilijaribu kulia pale kaburini, kwa kuwa watu wote walikuwa wanalia na nilijua ni wakati wake. Haikuwezekana. Nilikuwa naangalia udongo na kufikiria kwamba ni mwekundu.

Jumatatu taarifa ya Idara ilitoka. Ilikuwa na kurasa sitini na picha ya jalada. Ilisema mama mmoja amefariki kwa uzembe wa mkunga aliyekaa na taa mbovu tangu Jumapili hadi Alhamisi bila kuitengeneza, kama inavyothibitishwa na Orodha ya Taa Mbovu, iliyogongwa muhuri. Nesi Nyamvula alichukuliwa akiwa kazini, akiwa na gauni lake la kazi, akawekwa mahabusu. Kesi yake ilipangwa Alhamisi. Wodi ya wazazi ilikuwa imekauka rangi, lakini ilibaki imefungwa, kwa kuwa sasa hapakuwa na mkunga.

Usiku huo niliandika maelezo. Niliandika kwamba ombi lake nililirudisha mara mbili kwa mkono wangu. Kwamba taa niliitengeneza mimi, bila kibali, kwa springi ya kalamu, na kwamba ilikuwa inawaka tulipofika kizuizini. Kwamba kama kuna mtu amemchelewesha mkunga, ni mimi, na yeye aachiwe. Ukurasa mmoja na nusu. Asubuhi nikaupeleka kwa Mkurugenzi.

Aliusoma wote. Sikutegemea kwamba angeusoma wote.

"Hamduni," alisema, "haya ni maelezo mazuri. Yana mpangilio, yana tarehe. Vijana wetu wangekuwa wanaandika hivi tungefika mbali. Sasa yafuate utaratibu."

"Utaratibu upi, Mheshimiwa?"

"Maelezo yoyote yanayohusu taa ya nyuma ya pikipiki iliyozidi miaka kumi na tano hupokelewa Dirisha la Tano, yakagongwa muhuri. Yakifika mahakamani bila muhuri ni karatasi tu."

"Dirisha la Tano ni mimi."

"Ndiyo maana sina wasiwasi kwamba yatapokelewa vizuri." Akanirudishia kwa mikono miwili. "Na pole na msiba."

Nilikwenda dirishani kwangu, nikaketi, nikaweka karatasi mbele yangu na muhuri kando. Lakini kanuni inasema anayewasilisha awe nje na anayepokea awe ndani, ili makarani wasije wakajihudumia. Naijua kanuni hiyo. Niliiandika mimi, mwaka wangu wa sita, nikasifiwa. Mkono niliutegemea ufanye kazi wenyewe kama siku zote, ukabaki mezani. Nikachukua karatasi, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikazunguka, nikaenda kusimama mwisho wa foleni.

Ilikuwa Jumanne, foleni haikuwa ndefu sana. Waliokuwa mbele yangu walikata tamaa mmoja mmoja wakaondoka, na saa sita hivi nikajikuta ni wa kwanza. Kwenye kioo niliona kiti changu, muhuri, kikombe cha chai kilichobaki tangu asubuhi. Sikuwahi kuviona kutoka upande ule. Nyuma yangu watu waliendelea kuongezeka.

Saa nane mwanamume aliyekuwa nyuma yangu, mtu mzima, kofia ya pikipiki kwapani na fomu mkononi, alinigusa bega.

"Samahani ndugu yangu. Hili dirisha hufunguliwa saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi."

"Karani wake yuko wapi?"

Nilitaka kumwambia anarudi sasa hivi. Nilifungua mdomo na maneno yakatoka mengine.

"Amefiwa," nikasema.

"Ooh. Amefiwa na nani?"

"Dada yake. Alikuwa naye mmoja tu."

Yule mtu aliiweka kofia yake chini. Akageuka akamwambia wa nyuma yake, naye akamwambia wa nyuma yake, nikaisikia habari ikienda mpaka getini, na watu ambao nimekuwa nikiwarudishia fomu zao kwa miaka kumi na tisa wakaacha kulalamika, wakasimama kimya kwa muda. Kisha akanigeukia tena.

"Wewe unamfahamu?"

"Kidogo," nikasema.

"Basi ukimwona mpe pole zetu. Mwambie asijali, sisi tutasubiri."

Nikamwambia nitamfikishia.